Kufufua kiyoyozi cha gari la kale si suala la kujaza gesi tu

JUA la Februari linapoichoma lami ya barabara ya Mombasa, mwenye gari la kale huwa hana la kufanya ila kushusha vioo vyote vinne na kumeza vumbi pamoja na moshi wa malori. Swichi ya kiyoyozi i papo hapo ilipowekwa na kiwanda. Akiibonyeza, feni hunguruma na kumpulizia usoni hewa yenye joto lilelile la nje, ikiandamana na uvundo wa miaka mingi.

Hiyo ndiyo hali ya wengi wanaomiliki magari ya Mercedes-Benz aina ya W123, yaliyoanza kuundwa mwaka 1976 na ambayo uundaji wake ulikoma miaka kumi baadaye, yakiwa yamefika takriban milioni 2.7 duniani. Kiyoyozi hakikuwa sehemu ya lazima ya gari hilo. Mnunuzi alikilipia zaidi, na aliyekilipia alitaka ajulikane kwamba amekilipia. Kwa kuwa Kenya imepiga marufuku uingizaji wa magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane, mengi ya yale yanayoonekana barabarani leo ni yaliyoletwa zamani na kupita mikononi mwa wamiliki wanne au watano. Wenye Peugeot 504, Volvo 240 na Range Rover za mwanzo wana kisa kisichotofautiana sana na hicho.

Mmiliki anapoamua kukifufua kiyoyozi, hatua ya kwanza huwa ni kumwendea fundi na kuomba "kujaziwa gesi". Fundi hujaza. Kwa wiki mbili gari huwa baridi kama jokofu, jamaa na marafiki wakapewa lifti ili washuhudie. Wiki ya tatu hewa huanza kuwa vuguvugu, na ya nne hali hurejea kama ilivyokuwa. Mmiliki hurudi kwa fundi, akajaziwa tena. Pesa zake huwa zimekwenda hewani, kwa maana halisi ya neno hilo, na mara nyingi kompresa huwa imeharibika njiani bila yeye kujua.

Ili kuelewa ni kwa nini inakuwa hivyo, ni vyema kwanza kufahamu kiyoyozi kinavyofanya kazi.

Siri yake ni ileile ya mtungi wa maji. Maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu kiasi kidogo hupenya kwenye vitundu vya udongo na kugeuka mvuke nje, na kimiminika chochote kinapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa kitu kilicho karibu nacho. Ndiyo maana spiriti anayopaka muuguzi kabla ya kudunga sindano huacha ngozi ikihisi baridi. Kiyoyozi hutumia kimiminika kinachochemka upesi kuliko maji na hata spiriti. Gesi iliyotumiwa katika magari ya zamani, R-12, huchemka kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri za Selsiasi ikiwa wazi hewani. Ile iliyoirithi, R-134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri.

Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huikandamiza gesi hiyo hadi ikawa moto. Gesi moto hupelekwa kwenye kondensa, chombo kinachofanana na rejeta na ambacho huwekwa mbele yake, na upepo wa safari huipokonya joto hadi ikageuka kimiminika. Kimiminika hupita katika draya, mkebe mdogo wenye chembechembe zinazofyonza unyevu, kisha hufika kwenye vali ya upanuzi, yaani tundu jembamba kama la sindano. Kikishapita hapo presha huanguka ghafla, nacho huchemka ndani ya ivaporeta, chombo kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Hewa inayopulizwa na feni hupita juu ya mapezi ya ivaporeta hiyo, ikaacha joto lake pamoja na unyevu wake, na kuwafikia abiria ikiwa baridi na kavu. Unyevu uliobaki hutiririka kupitia kipaipu na kudondoka chini ya gari. Gesi hurudi kwenye kompresa kuanza mzunguko upya.

Jambo kuu katika maelezo hayo ni kwamba gesi haiungui kama petroli wala haichakai kama oili ya injini. Inazunguka tu. Mipira huruhusu kiasi kidogo sana kupenya kadiri miaka inavyopita, lakini mfumo uliomaliza gesi yake kwa mwezi mmoja una tundu. Kuujaza bila kuliziba tundu hilo ni kuchotea maji pakacha.

Gesi iliyosababisha mkutano Montreal

Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi cha kiwandani lilikuwa Packard, lililoonyeshwa kwa umma huko Chicago, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1939. Mitambo yake ya kupozea hewa ilichukua sehemu kubwa ya buti, na bei yake ilikuwa dola 274 juu ya bei ya gari. Kompresa haikuwa na klachi. Dereva aliyehisi baridi kupita kiasi alilazimika kusimama, kuzima injini, kufungua boneti na kuutoa mkanda kwa mkono. Si ajabu kwamba wanunuzi hawakukimiminikia. Ni mwaka 1954 ambapo kampuni ya Nash ilifaulu kuweka mfumo mzima sehemu ya mbele ya gari, mpangilio ambao haujabadilika sana hadi leo.

R-12 yenyewe ilitokana na kazi ya mwanakemia Thomas Midgley na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1920. Majokofu ya wakati huo yalitumia gesi zenye sumu au zinazoshika moto, na familia kadhaa zilikuwa zimekufa usingizini baada ya majokofu yao kuvuja. Gesi mpya haikuungua, haikunuka na haikumdhuru aliyeivuta kwa kiasi kidogo. Ilionekana kuwa neema tupu. (Midgley huyo huyo ndiye aliyegundua manufaa ya kutia risasi katika petroli, desturi ambayo nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliiaga mwanzoni mwa mwaka 2006. Ni nadra mtu mmoja kuiachia anga madeni mawili ya aina hiyo.)

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba uthabiti uleule uliosifiwa ndio uliokuwa balaa. Kwa kuwa gesi hiyo haivunjiki upesi, huelea kwa takriban miaka 100 na kufika juu kabisa angani, ambako miale mikali ya jua huipasua na kuachilia klorini. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni, tabaka linalotukinga dhidi ya miale inayosababisha saratani ya ngozi na upofu. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua. Miaka miwili baadaye, Septemba 16, 1987, mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal.

Mkataba huo una uhusiano wa karibu na Kenya kuliko wengi wanavyodhani. Sekretarieti yake iko Gigiri, Nairobi, katika makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Nchi zinazoendelea zilipewa muda mrefu kuliko nchi tajiri, na kwazo siku ya mwisho ya kutumia gesi za kundi la R-12 ilikuwa Januari 1, 2010. Viwanda vya magari navyo vilikuwa vimehamia R-134a katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Kwa hivyo W123 ya mwisho ilipotoka kiwandani, gesi iliyokuwa ndani yake ilikuwa imebakisha miaka michache tu ya uhai.

Mwenye gari la kale leo ana njia tatu mbele yake, na moja kati ya hizo haifai kufuatwa kamwe.

Ya kwanza ni kutafuta R-12 iliyotolewa kwenye mitambo mikuukuu na kusafishwa. Huko Marekani bado wapo wanaoiuza, ghali. Hapa nchini anayetembezewa mkebe unaodaiwa kuwa wa R-12 ana sababu zote za kushuku kilichomo. Ya pili ni kuubadilisha mfumo ili utumie R-134a, njia inayofuatwa na wengi na ambayo ndiyo inayozungumziwa hapa.

Ya tatu ni gesi ya kupikia. Wapo mafundi wanaoitumia, nao hawasemi uongo wanapodai kwamba inapoza. Propani na butani hupoza vizuri sana. Tatizo ni mahali ivaporeta ilipo. Imo ndani ya chumba cha abiria, nyuma ya dashibodi, karibu na nyaya za umeme za miaka 40. Ikitoboka gari likiwa limefungwa vioo, gesi inayolipuka hujaa walipokaa watu, pengine mtoto amelala kiti cha nyuma. Cheche moja ya swichi inatosha. Afadhali joto.

Hatari nyingine ni ya gesi bandia. Mwaka 2011 makasha ya mizigo yenye mitambo ya kupozea yalilipuka nchini Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi watatu. Ilibainika kwamba mitambo hiyo ilikuwa imejazwa R-134a iliyochanganywa na gesi ya bei nafuu iitwayo R-40, ambayo hushambulia aluminiamu na kuzalisha kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Kompresa na kondensa za magari huundwa kwa aluminiamu. Kununua gesi kwa muuzaji anayejulikana, na yenye stakabadhi, ni tahadhari ambayo haigharimu mengi.

Tundu kwanza, gesi baadaye

Fundi anayeijua kazi yake hataanza kwa mtungi wa gesi. Ataanza kwa tochi. Gesi inapotoka hutoka na oili kidogo, nayo oili hunasa vumbi. Doa jeusi lenye utandu kwenye kiungo cha paipu ni ushahidi mzuri kuliko mashine nyingi. Mahali pa kuchunguza ni mbele ya kompresa, palipo na mpira unaozuia gesi isipenye kandokando ya mhimili wake; miisho ya mipira ilipobanwa na chuma; kondensa, ambayo kwa miongo minne imekuwa ikipigwa na kokoto; na vijivali vya kujazia, ambavyo hufanana na vile vya tairi na huvuja vivyo hivyo.

Ivaporeta ndiyo inayotisha. Katika W123, kuifikia kunahitaji kuitoa dashibodi nzima, kazi ya siku kadhaa ambayo inaweza kuacha plastiki na mbao za kale zikiwa na nyufa. Majani na vumbi vikirundikana juu ya ivaporeta vikalowa, hula chuma polepole. Kwa hiyo ni lazima ipimwe kabla ya kununua kipuri kingine chochote, kwani matokeo yake ndiyo huamua iwapo kazi nzima ina maana kwa mfuko wa mmiliki.

Kupima huko hufanywa kwa kuujaza mfumo naitrojeni kavu, kuufunga, kisha kutazama geji kwa saa kadhaa huku viungo vikipakwa povu la sabuni. Naitrojeni lazima ipitie kwenye kidhibiti cha presha, maana mtungi wake una nguvu ya kupasua kondensa mara moja.

Hapa pana onyo ambalo halitoshi kutolewa mara moja. Katika karakana nyingi za jua kali mtungi ulio karibu huwa wa oksijeni, ule wa kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa hulipuka pasipo moto wala cheche. Hewa ya kawaida ya kujazia tairi haina ukali huo, lakini nayo huingiza maji mfumoni, na ikichanganyika na R-134a chini ya presha mchanganyiko huo unaweza kushika moto. Gesi ya kupoza yenyewe ni nzito kuliko hewa, hivyo ikimwagika huteremka na kutuama katika shimo la karakana na kumnyima pumzi aliye chini. Ikigusa moto wa kuchomelea hutoa moshi wenye sumu kali. Ikirukia jicho ikiwa kimiminika huligandisha. Miwani na glavu si mapambo.

Kama bado kuna mabaki ya gesi ya zamani, hutolewa kwa mashine maalumu na kuhifadhiwa mtungini. Kuiachilia hewani kwa kulegeza nati ni kosa, iwe R-12 au R-134a. Hiyo ya pili haiharibu ozoni, lakini kwa uzito uleule hunasa joto la dunia mara 1,430 kuliko hewa ya kaboni, na ndiyo sababu mataifa yalikutana tena Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za kundi lake.

Kompresa huja baada ya hapo. Injini ikiwa imezimwa, sahani ya mbele ya klachi huzungushwa kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa uzito laini, bila kukwama wala kukwaruza. Kisha oili humwagwa kwenye chombo cheupe na kuangaliwa. Iliyo safi au ya manjano hafifu ni habari njema. Nyeusi yenye vumbi linalometameta huashiria kwamba kompresa imejila na kwamba vipande vyake vimesambaa hadi kwenye kondensa na vali. Kufunga kompresa mpya juu ya uchafu huo ni kuiua nayo.

Baadhi ya W123, hasa zile za dizeli za silinda tano, zilifungwa kompresa ya Delco R4. Ni fupi, nene na haina hifadhi yake ya oili. Hutegemea oili inayozunguka pamoja na gesi. Gesi ikipungua, oili hairudi, na kompresa husagika ikiwa kavu. Ndiyo sababu yule aliyejaziwa gesi mara tatu bila kuzibiwa tundu huishia kununua kompresa. Mpira wa mhimili wake pia una sifa mbaya ya kuvuja. Kompresa za York za magari ya zamani zaidi, zenye pistoni mbili zilizosimama, zina hifadhi ya oili na huvumilia zaidi, ingawa huitikisa injini. Wamiliki wengi huamua kuweka Sanden ya kisasa kwa kutumia mabano mapya: nyepesi, tulivu, na vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Uamuzi huo si wa kiufundi pekee. Katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, waamuzi hufungua boneti na kuchunguza. Anayelenga zawadi atatamani kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Anayelipeleka gari kazini kila siku hana sababu ya kuteseka kwa ajili ya bolti asilia.

Oili ya zamani ilikuwa ya madini, nayo haichanganyiki na R-134a. Ikiachwa humo hutuama katika mabonde ya paipu na kompresa ikabaki bila kilainishi. Kwa hivyo kondensa, ivaporeta na mabomba huoshwa kwa dawa maalumu na kukaushwa kwa naitrojeni, kisha hutiwa oili ya aina ya esta au PAG. Katika magari yaliyotumia R-12 esta hupendelewa kwa sababu huvumilia mabaki ya klorini kuliko PAG. Kompresa na vali ya upanuzi havioshwi namna hiyo. Vali hubadilishwa, kama inavyobadilishwa draya, ambayo chembechembe za aina yake ya kale huenda zisiweze kustahimili gesi mpya. Draya hufungwa mwisho kabisa, vifuniko vyake vikitolewa dakika ile ya kufungwa. Ikikaa wazi mezani usiku kucha hufyonza unyevu wa chumba na kuharibika kabla haijafanya kazi hata siku moja, jambo ambalo huko pwani hutokea upesi zaidi.

Mipira ya duara ya viungo yote hubadilishwa kwa ile inayofaa R-134a, ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya kijani. Mipira mirefu ya asili haina utando wa nailoni ndani, na gesi mpya hupenya kwa urahisi zaidi, ingawa ule uliolowa oili ya zamani kwa miaka huvuja kidogo kuliko inavyohofiwa. Kwa kuwa kila kitu kimeshafunguliwa, kuibadilisha ni busara.

Kondensa nayo yafaa kufikiriwa. Joto lake likifika nyuzi 60, presha ya R-134a huzidi ya R-12 kwa takriban asilimia 10. Gari likienda kasi hilo si neno. Likiwa limekwama katika msongamano wa Uhuru Highway, kondensa ya kale yenye bomba moja linalozungukazunguka huelemewa. Kondensa ya kisasa yenye njia nyingi nyembamba, au feni ya ziada ya umeme mbele yake, huondoa tatizo hilo. Wakati huohuo alteneta ipimwe, kwani feni mbili na klachi ya kompresa ni mzigo ambao alteneta ya miaka ya 1970 huenda isiumudu usiku taa zikiwaka.

Geji ya Nairobi haifanani na ya Mombasa

Mfumo ukishafungwa hunyonywa hewa kwa pampu. Kusudi si kuondoa hewa tu. Presha ikishuka vya kutosha, maji yaliyojificha ndani huchemka kwenye joto la kawaida la chumba na kuvutwa nje kama mvuke. Yakiachwa huganda kwenye tundu la vali na kuziba njia, ama huungana na gesi na oili kuwa tindikali inayokula chuma.

Vitabu vya mafundi, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za uwanda wa chini, huagiza kwamba geji ifike inchi 29 za zebaki. Mombasa inawezekana. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, haiwezekani hata kwa pampu bora kuliko zote. Geji hizo hupima tofauti kati ya ndani na nje, na hewa ya Nairobi ina uzito mdogo. Usomaji hupungua kwa karibu inchi moja katika kila mita 300 za mwinuko, kwa hivyo kikomo cha Nairobi ni kati ya inchi 24 na 25. Fundi asiyelijua hilo anaweza kutafuta tundu lisilokuwapo kwa siku mbili, au kuilaumu pampu nzima. Mwenye geji ya kielektroniki inayopima ombwe lenyewe hana shida hiyo. Akiona limeteremka chini ya maikroni 500 ameridhika. Ni vyema pampu iendeshwe kwa saa moja au zaidi. Asubuhi ya Julai huko Limuru maji huchelewa kuchemka hata ndani ya ombwe, kwa hivyo karakana ipashwe joto au kazi ingoje jua litoke. Pampu ikizimwa, geji hutazamwa kwa nusu saa. Ikipanda, kuna tundu au maji.

Kujaza hufanywa kwa mizani. Kiasi cha R-134a huwa karibu asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari. Palipoandikwa gramu 1,000, gramu 800 hadi 850 zatosha. Kupima kwa presha peke yake hudanganya, kwani injini ikiwa imezimwa na joto likiwa nyuzi 25, geji huonyesha presha ya 80 hivi iwe ndani mna gramu 200 au 800, mradi kimesalia kimiminika. Kijidirisha cha kioo kilichopo katika mifumo mingi ya kale pia hakiaminiki tena: viputo ambavyo vilimwambia fundi wa 1980 kwamba R-12 imepungua vinaweza kuonekana hata R-134a ikiwa ya kutosha, na anayeongeza hadi vitoweke huwa amezidisha. Injini ikiwa inanguruma, gesi huingizwa upande wa presha ya chini, mtungi ukiwa umesimama wima ili uingie mvuke. Kimiminika hakikandamiziki, na kikifika kwenye kompresa huvunja vali zake.

Kila kitu kikienda sawa, kipimajoto kikichomekwa kwenye tundu la hewa la katikati ya dashibodi huonyesha kati ya nyuzi 5 na 10 baada ya mwendo wa dakika chache. Nairobi shabaha hiyo haina taabu. Mombasa sehemu kubwa ya nguvu za kiyoyozi hutumika kugeuza unyevu kuwa maji, na huko nyuzi 10 hadi 12 adhuhuri ni matokeo ya kuridhisha.

Wapo wanaofanya yote hayo na bado hewa ikawa vuguvugu. Aghalabu kosa liko kwenye hita. Vali inayozuia maji moto ya injini isiyaache yapite huchakaa, na hewa iliyopozwa na ivaporeta hupita juu ya hita iliyo moto kabla ya kumfikia dereva. Milango midogo inayoelekeza hewa nayo, ambayo katika magari mengi ya wakati huo huendeshwa kwa mvuto wa hewa kupitia vipaipu vyembamba, hukwama vipaipu vikipasuka. Harufu mbaya hutokana na kipaipu cha kutolea maji kilichoziba; waya laini na maji ya uvuguvugu hutosha, na zulia la abiria litaacha kulowa.

Matarajio ya mwendo pia yarekebishwe. W123 aina ya 200D ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 55 ikiwa usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya Nairobi huipunguzia zaidi ya kumi ya hizo. Kompresa nayo hudai fungu lake. Kwenye mwinuko wa kutoka Mai Mahiu dereva atazima kiyoyozi mwenyewe bila kushauriwa na mtu, na lori la mboga litampita vilevile.

Kiyoyozi kilichofufuliwa kiwashwe kwa dakika kumi hivi kila wiki, hata msimu wa baridi, ili oili iulowanishe mpira wa mhimili usikauke na kupasuka. Na kabla boneti haijafungwa, fundi abandike karatasi ngumu karibu na kile kibandiko cha kiwanda, yenye jina la gesi iliyomo, uzito wake kwa gramu, aina ya oili na tarehe. Vijivali vya kujazia vibadilishwe viwe vya R-134a, ambavyo mpira wa R-12 hauwezi kuvishika. Gari hilo lina umri wa miaka 40 na huenda likapata mmiliki mwingine, na mmiliki huyo atakuwa na fundi wake.